Samaki wa Petro Walichukuliwa na Nani?

Mimi na Mtume Petro hatuna ugomvi. Nina ugomvi na wale samaki.

Jumapili mchungaji wetu alihubiri Luka sura ya 5. Wavuvi wamekesha ziwani, hawajapata hata kidagaa cha kumnusisha paka. Asubuhi wanaosha nyavu zao kwa hasira, anatokea mtu ambaye kazi aliyokulia ni useremala, anawaambia warudi kilindini. Wanarudi shingo upande, wanashusha nyavu, samaki wanajaa mpaka nyavu zinaanza kukatika, wanaita wenzao wa mashua ya pili, na mashua zote mbili zinataka kuzama. Hapo nilikuwa macho kabisa. Mimi ni mkazi wa Kigamboni, kila siku ya Mungu navukia Feri kwenda kuhangaika Kariakoo, na habari ya samaki hainipiti. Kisha mchungaji akamalizia: wakazivuta mashua pwani, wakaacha vyote, wakamfuata Yesu. Amina.

Amina nini? Samaki je?

Mashua mbili zimejaa hadi ukingoni, jua linapanda, barafu hakuna. Mtu mzima anaondoka hivi hivi? Hakuna hata mmoja aliyesema, "Bwana, tangulia, ngoja kwanza tuwapige mnada hawa"? Kwaya ikaimba, sadaka ikapita, nikatoa elfu mbili huku kichwani napiga hesabu ya mashua mbili kwa bei ya Feri ya Jumapili.

Njiani nikamuuliza mke wangu.

"Baba watoto," akasema, "mtu kahubiri dakika arobaini, wewe umetoka na harufu ya samaki tu." Akanyamaza kidogo. "Au ni kwa sababu ya wale wetu?"

Ni kwa sababu ya wale wetu.

Nilianza maisha ya mjini na meza ya chaja pembeni ya Mtaa wa Kongo. Ilikuwa meza ndogo ya kukunja, maana mgambo wakitokea unabeba na kukimbia nayo. Nikawa namwomba Mungu fremu. Nilimwambia wazi: Baba, fremu moja tu, hata ya chini ya ngazi, sitakusumbua tena. Alinipa, chini ya ngazi kweli, maana Mungu wetu anasikia neno kwa neno. Wiki mbili nilitembea Kariakoo kama nimeinunua kutoka Msimbazi hadi Lumumba. Wiki ya tatu nikaanza kumwona jirani. Jirani alikuwepo siku zote, lakini nilipokuwa na meza sikuwa na haja ya kumwona. Sasa nikaona anauza chaja zile zile kwa pungufu ya mia tano, na mawinga wote wa mtaa wanampelekea yeye wateja. Usingizi ukapungua. Enzi za meza nililala kama gogo. Kilichokuwa kinaweza kuibwa nilikuwa nimekilalia.

Basi nikahamia kuomba gari. Hapo katikati lilitokea jambo ambalo lilipaswa kunifundisha. Usiku wa Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo liliwaka moto. Lile lile la mapaa ya zege yanayofanana na miavuli iliyopinduliwa, alilosanifu Beda Amuli na kufunguliwa 1975, ambalo sisi wa fremu za pembeni tuliliona kama mlima, kitu kisichohama. Tulisimama barabarani na simu mkononi. Nilimwona mzee mmoja ameshika funguo za duka lake, anazihesabu moja moja kama rozari, na duka lenyewe linaungua mbele ya macho yake. Yesu alionya juu ya hazina inayoliwa na nondo na kutu na kuvunjiwa na wezi. Sisi wa Kariakoo tungeomba orodha iongezwe moto. Nilirudi nyumbani nimenyenyekea, nikapiga magoti, nikasema Bwana nimeelewa, vya dunia vinapita. Jumatatu nikakuta fremu yangu imesalimika. Nikauza chaja nane. Jioni nikarudi kwenye ombi la gari.

Gari lilikuja. Sitalitaja jina lisije likaona haya; ni lile dogo la Kijapani ambalo Dar nzima inalo, la rangi ya fedha ambayo Dar nzima inayo, kiasi kwamba kwenye harusi moja Mbagala nilifungua la mtu mwingine nikakaa ndani nikitafuta redio. Furaha yake niliipima vizuri. Ilidumu siku tisa. Siku ya kumi dereva wa bodaboda alinichora ubavuni kuanzia taa ya mbele hadi tangi la mafuta, akasema "samahani mzee," akaondoka na neno *mzee* likaniuma kuliko mchubuko.

Na pale Feri ndipo gari lilinionyesha rangi zake. Mwenda kwa miguu analipa nauli, anasimama na wenzake, geti likifunguliwa anakimbia na umati, anaingia pantoni, dakika chache yuko ng'ambo. Nauli ilipopanda mwaka 2012 kutoka shilingi 100 hadi 200 tulinung'unika, mkubwa mmoja akatuambia asiyetaka apige mbizi, tukanyamaza, tukalipa. Lakini tulikuwa tunavuka! Mwenye gari anapanga foleni. Anakaa ndani na kiyoyozi ambacho hakiwashi kwa sababu ya mafuta, anatazama binadamu wakimpita. Asubuhi moja nilimwona kijana wangu wa dukani, ninayemlipa mshahara mimi, anapita pembeni ya dirisha na muhogo wa kuchoma mkononi. Akanipungia. "Shikamoo bosi! Tutaonana mbele!" Tulionana mbele kweli, saa moja na nusu baadaye, yeye kashafagia na kuuza. Ningeweza kuzungukia daraja la Nyerere, lile la Kurasini lililofunguliwa 2016, lakini huko kuna tozo, na foleni ya mjini inakusubiri pale pale. Siku hizi gari liko nyumbani chini ya turubai. Jumamosi naliosha. Mimi navuka kwa miguu, na tofauti yangu na zamani ni kwamba sasa nina gari la kuwazia.

Msinielewe vibaya, silaumu vitu. Fremu imenisomeshea watoto, na usiku ule binti yetu mdogo alipobanwa na kifua, gari ndilo lililomfikisha hospitali kabla hajaishiwa pumzi. Kinachonikera ni ahadi. Kila kitu kilikuja na ahadi ambayo hakikuitoa chenyewe. Niliitoa mimi kwa niaba yake. Nilisema fremu itanipa amani. Fremu haijawahi kusema hivyo. Yenyewe ni kuta tatu na shata.

Na kanisani hatusaidiani katika hili. Kwenye shuhuda watu wanasimama: nilikuwa napanda daladala, Bwana kanipa gari, tunapiga vigelegele. Sijawahi kusikia mtu akisimama kushuhudia kwamba jirani yake kapata gari na yeye usiku huo kalala vizuri. Huo ndio muujiza ningependa kuuona, na ningeutolea sadaka ya shukrani, si elfu mbili.

Sasa friza.

Friza lilikuwa wazo langu mwenyewe. Siwezi kumsingizia shetani wala mke. Kubwa, jeupe, la mlango wa juu, unaweza kumlaza humo mtu mzima akiwa amekunja magoti. Falsafa yangu ilikuwa hivi: napita Feri kila siku, siku samaki wakishuka bei nanunua wengi, najaza, nakula miezi miwili bila wasiwasi. Nilimwambia mke wangu, "Tukishajaza hili, tunatulia." Kumbe katika Luka hiyo hiyo, sura ya 12, kuna tajiri aliyepanga kuvunja maghala yake ajenge makubwa zaidi, akaiambia nafsi yake itulie, ile, inywe. Usiku huo huo akaitwa. Nilisoma habari hiyo darasa la kipaimara na kufaulu. Nilikuwa sijui kuwa ghala linauzwa na dhamana ya miezi kumi na miwili.

Nikaenda mnadani alfajiri. Kama hujawahi kufika soko la Feri saa kumi na mbili asubuhi, usiende na viatu vyako vya kanisani. Soko hili lilijengwa kwa msaada wa Japani na kuanza kazi mwaka 2002, lakini mnada wenyewe ni wa kale kuliko zege. Samaki wanamwagwa mezani, dalali anapaza sauti, elfu themanini, themanini na tano, tisini kwa nani, na ukikuna sikio umeshanunua. Nilinunua nguru watatu, kolekole, na fungu la changu ambalo nadhani nilikuna sikio. Nikawapeleka kwa waparuaji, magamba yakaruka, nikajaza deli mbili, nikavuka nao kama mfalme arudiye vitani. Nilipofunga mlango wa friza nilisikia kitu kifuani. Nadhani ndicho kile wanachokiita kutulia. Nililala mchana.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda Sinza kwenye kamati ya harusi ya mpwa wangu. Nilikuwa mwenyekiti. Uenyekiti ni cheo kingine nilichokitamani miaka mingi, na nikikumbuka vikao vile naona ni adhabu inayotolewa pamoja na soda. Tukalala kwa shemeji hadi Jumapili. Luku nyumbani ilikuwa na uniti nne. Nilizisoma mwenyewe kabla ya kuondoka, nikasema nitanunua kwa simu tukiwa njiani. Njiani nikawa naandika orodha ya wasiolipa michango.

Harufu ilitupokea getini. Sitaielezea, watu wanakula. Nilichimba shimo nyuma ya nyumba, na paka wa mtaa mzima walihudhuria maziko wakiwa wamekaa kwa adabu kuliko kamati yangu. Mke wangu hakusema neno. Alisimama tu na tochi.

Kwa hiyo mchungaji aliposema waliacha vyote, nadhani mnaelewa kwa nini sikuweza kusema amina. Mimi samaki wangu walinitoka kwa nguvu, nikiwang'ang'ania, wakiwa wameoza. Wale wa Petro walikuwa wabichi kabisa, na Petro ndiye aliyewaacha.

Mchungaji wetu kijana huyu hana mahubiri ya njia moja. Anaweza kutoka Galilaya akaibukia popote. Jumapili ile alimleta Agostino, mtakatifu wa Afrika yetu hii, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria. Kabla hajabatizwa alikuwa profesa wa ufasaha mjini Milano, kazi ya heshima kubwa, na siku moja alikuwa anajiandaa kutoa hotuba ya kumsifu kaisari. Hotuba ya uongo, anakiri mwenyewe, na wasikilizaji wangejua ni uongo na kumpigia makofi. Anapita mtaani na wasiwasi umemjaa, anamwona ombaomba mlevi anacheka na kufanya utani. Agostino akawaambia rafiki zake kwamba yote wanayohangaikia ni kuipata furaha ile, na yule bwana kaipata kwa visenti vichache vya kuomba. Wakristo wengi tungeishia hapo tukasema, haya, maskini ndio wenye raha. Agostino hakuishia hapo. Alisema ile ya mlevi nayo si furaha yenyewe. Usiku utapita na pombe itamtoka. Ila aliongeza kwamba ulevi wake mwenyewe, wa kutaka sifa, alikuwa analala nao na kuamka nao.

Niliposikia hivyo nikakumbuka uenyekiti.

Jumatatu nikapita Feri mapema, nikiwa na swali langu. Nilianza kwa mparuaji wangu, kijana ambaye kila nikimwona anacheka, magamba yanamng'aa kwenye nywele kama kapambwa. Nikasema huyu ndiye ombaomba wangu wa Milano, ngoja nichote hekima.

"Kijana wangu, wewe mbona una furaha siku zote?"

"Siku zote wapi, mzee?"

"Sasa hivi unacheka."

"Nakucheka wewe. Wale changu uliochukua siku ile walikuwa wa jana yake. Tulibishana hapa kama utajua."

Basi ndiyo hiyo hekima. Akaendelea kuparua, akaniambia mama yake anaumwa miguu, kodi ya chumba imefika, na kwamba kama angekuwa na friza lake angeacha kabisa kazi ya kisu, angenunua samaki jioni wakishuka bei, angeuza asubuhi, angetulia. Alilitumia neno lile lile. Angetulia.

Nikamwacha, nikaenda kwa mama anayeuza barafu. Huyu ndiye mwanatheolojia wa Feri, ingawa hajui. Barafu yake inakuja kwa vipande vikubwa, anaipasua kwa nyundo ya mbao ndani ya kiroba, na maji yanayotiririka chini ni hasara yake inayoonekana kwa macho. Wakati tunasalimiana tu, kipande kimoja kilipungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na deli?"

"Nimekuja na swali. Mvuvi kapata samaki mashua mbili, asubuhi, kaziacha pwani kaondoka zake. Samaki wanakwenda wapi?"

Hakuuliza mvuvi gani. "Wanauzwa. Utaacha samaki pwani wewe? Alikuwa na wenzake?"

"Alikuwa na wenzake, nao wakaondoka. Ila mmoja aliitwa Zebedayo, alikuwa mzee wao, yeye alibaki. Kulikuwa na vibarua pia."

"Basi waliuza hao. Siku ile kijijini walikula watu." Akapasua barafu. "Na huyo aliyeondoka alikuwa amepata kazi?"

"Alimwona aliyempa samaki."

Akasimamisha nyundo. Nilidhani nimesema vibaya. "Aa," akasema, "hiyo nyingine. Mimi kuna mtu ananiletea barafu kutoka kiwandani. Siku nikigombana naye, hata nikiwa na viroba kumi hapa sina amani, maana vinayeyuka. Siku tukiwa tumeelewana, hata nikiwa na kimoja sina presha. Kesho ataleta."

Mama huyu ni Mwislamu, na swali langu kalijibu kabla hata hajasikia sura na aya. Mimi nimekaa kwenye viti vya kanisa miaka arobaini nikimwomba Mungu viroba.

Dalali mmoja mzee alikuwa anasikiliza, amekaa juu ya tenga. Nikaona nimjaribu na la Yohana sura ya 21, la baada ya kufufuka: wanarudi kuvua, wanakesha tena bure, asubuhi wanajaza tena wavu, na safari hii mtu kakaa kuwahesabu, 153. Siku zote nimejiuliza ni nani aliyekuwa na moyo wa kuhesabu samaki mbele ya mtu aliyefufuka.

"Walihesabiwa mmoja mmoja?" dalali akauliza.

"Mia moja hamsini na tatu."

"Basi walikuwa wakubwa. Wadogo huwa tunakisia kwa ndoo."

Nikafungua Biblia ya kwenye simu pale pale, katikati ya matope. Imeandikwa hivyo: wakubwa. Miaka yote hiyo sikuwahi kuliona neno hilo, Feri wamelijua bila kusoma. Nikasoma na mistari ya juu yake. Wavuvi waliposhuka pwani walikuta moto wa makaa umeshawashwa, samaki wameshawekwa juu, na mkate. Bado hawajavuta wavu. Kifungua kinywa kilikuwa tayari kabla ya mtaji wao kufika nchi kavu, na mpishi akawaambia walete na wa kwao kidogo. Nilitazama ng'ambo ya barabara, mapaa ya vigae ya kanisa la Azania yanaonekana kwa mbali, halafu nikatazama kina mama wakaanga samaki wakichochea moto. Nikasikia njaa. Nikanunua kibua mmoja wa kukaanga, na ndimu, nikala nimesimama. Mmoja tu. Hakuhitaji kuhifadhiwa.

Mparuaji akanifuata akijifuta mikono kwenye aproni.

"Mzee, lile friza lako. Naambiwa siku hizi liko tupu."

"Nani kakwambia?"

"Ulimwambia mama wa barafu wiki iliyopita. Unaliuza?"

Hapo nilipaswa kumweka chini nimwambie yote: siku tisa za gari, kutulia kwa mchana mmoja, paka mazikoni. Nilifungua mdomo. Lakini nikajiona jinsi ninavyoonekana, mwenye friza anamhubiria asiye na friza kwamba friza si kitu. Kama si kitu, si nimpe bure?

Wazo hilo lilinijia kabisa, kwa sauti inayofanana na ya mchungaji. Nikalisikia, nikaliheshimu, nikamtajia bei.

Akashika kichwa, akasema mzee unaniua. Pantoni likapiga honi, watu wakaanza kusogea getini, na sisi bado tunavutana kwenye elfu hamsini.